Je, Kutojua Ni Udhuru?

Wakulima wa Kimemi, mjini Butembo, hupiga dawa katika nyanya na kabichi ili wadudu wasile jasho lao. Hilo si kosa. Lakini dawa hiyo ni sumu: humwingia mpigaji kwa ngozi na kwa pumzi, chombo chake kikioshwa mtoni, hudhuru samaki na watu.

Wengine husema, “Hatukujua.” Tangu 1962, Rachel Carson wa Marekani alipoonya juu ya DDT, dunia imekwisha kuambiwa. Asiye na wa kumwuliza ana udhuru. Bali aepukaye kuuliza, asije akaambiwa angoje siku kadhaa kabla ya kuvuna, huyo amechagua kutojua. Na mnunuzi haioni sumu, humwamini tu. Nasi tujuao kusoma tukinyamaza, kosa letu ni kubwa zaidi.