Ndege Isiyopaa

Mwaka 1915 ndege zilizunguka juu ya mikoko ya delta ya Rufiji, zikielekeza mizinga ya Waingereza dhidi ya Königsberg, manowari ya Wajerumani. Leo mtoto wa Mtawanya, huko Kibiti, asikiapo ndege ikipita, huokota vijiti vya makuti akaunda ya kwake. Hatumkemei, kwa kuwa twajua mtoto hujifunza kwa kucheza.

Lakini tuseme nini juu ya mtu mzima? Huko Ulaya na Marekani wako akina baba ambao, baada ya kazi, hujenga nyumbani chumba cha rubani cha ndege kubwa ya abiria: viti, usukani, saa na swichi, vyote vikiungwa na kompyuta inayoonyesha uwanja na mawingu. Kazi hiyo huchukua miaka, na chombo chenyewe hakipai kamwe. Je, huo si upuuzi?

Twajibu kwamba si lazima uwe upuuzi. Mwaka 1929 Edwin Link wa Binghamton, Marekani, aliunda ndege ya mazoezi kwa mivukuto ya vinanda vya kiwanda cha baba yake. Mwanzoni ilinunuliwa na viwanja vya kujifurahisha. Mwaka 1934, marubani wa jeshi walipokufa wakichukua barua katika hali mbaya ya hewa, jeshi likanunua sita. Hata leo rubani hujifunza katika chombo cha namna hiyo jinsi ya kuokoa ndege iliyozimika injini, asije akajifunza kwa kuhatarisha roho za watu.

Naye Mtakatifu Thomas wa Akwino afundisha kwamba, kama vile mwili uliochoka huhitaji pumziko, roho nayo huhitaji mchezo. Lakini aliweka mpaka: mchezo ulingane na mtu, wakati na mahali, wala usimwondolee mtu uzito wa nafsi.

Hapo ndipo lilipo swali letu. Ndani ya chumba kile baba ni mtiifu: hufuata orodha yake hatua kwa hatua, husikiliza, hana haraka. Ndege ikianguka, hubonyeza kitufe akaanza upya. Katika nyumba kitufe hicho hakipo. Neno kali aliloambiwa mke, jioni ambayo mtoto alingoja bure, ada ya shule iliyonunua swichi: hayo hayafutiki kwa kidole, bali yataka toba na malipizi. Ni ajabu basi mtu kuwashusha salama kila usiku abiria mia wa kuwazia tu, na hali wale aliokabidhiwa siku ya ndoa na ya ubatizo wamo chumba cha pili, wasio na mwongozi.

Wazazi wapenzi, kila mmoja aupime mchezo wake, uwe ndege, bao, mpira au simu: nitokapo humo, je, nawarudia jamaa zangu nikiwa mpole na mwangalifu zaidi? Nikiwarudia hivyo, nimepumzika kama apendavyo Mungu. Nisipotaka kuwarudia, nimewatoroka.

Tena tukumbuke kwamba chumba cha rubani kina viti viwili. Baba aliye na busara atamwita mwanawe aketi katika kile cha pili.