Ongeza Chombo cha Maji Kwanza

Hapa Kimamba, wilayani Kilosa, nyumba isiyo na kuku uani huonekana imepungukiwa. Kuku wa kienyeji ni akiba. Daftari la mtoto likiisha anauzwa mmoja, na mgeni akibisha hodi jioni kitoweo kipo. Ndiyo maana kila mfugaji hufikia siku ya kuongeza kundi, akaleta matembe na mapora wachanga katikati ya makoo waliozoea banda lao. Siku hiyo hupima busara ya mwenye banda.

Kuku wana ngazi yao. Msomi wa Norway, Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliieleza kitaalamu miaka ya 1920, ingawa bibi zetu walikuwa wakiiona kila asubuhi walipomwaga pumba. Koo mkubwa humdonoa aliye chini yake, naye humdonoa wa chini zaidi, hadi kila mmoja ajue nani anatangulia kula. Mgeni akiingia, ngazi hiyo hupangwa upya, na hupangwa kwa midomo. Mchanga asiye na pa kukimbilia hushinda na njaa, na akitoka damu wenzake humdonoa palepale hadi afe.

Jirani yangu mmoja, mama mtu mzima, ana utaratibu ambao nimeupenda. Kwanza huwatenga wageni wiki mbili tatu mbali na banda, kwa sababu mdondo hauna dalili siku ya kwanza, nao ukiingia hufagia uani kote. Huhakikisha wamepata chanjo ya tone la jichoni, ile inayorudiwa kila miezi mitatu. Kisha huwaweka nyuma ya wavu, wenyeji wawaone bila kuwagusa. Hamwingizi kuku mmoja peke yake, wala kifaranga ambaye bado ni mdogo mno. Husubiri wakaribiane kimo na wenyeji, akawaingiza kadhaa kwa pamoja, usiku, kundi likiwa limelala. Kukicha, chakula na maji viko pembe mbili au tatu za uani, na kuna matenga ya kujifichia anayefukuzwa. Madonoano huwapo siku chache, halafu hupoa.

Mama huyu hangoji kuku wapendane. Anaongeza vyombo vya maji, na anaviongeza kabla ya ugomvi.

Kwangu hilo ni somo la mji mzima. Kimamba imekuzwa na wageni. Ilikua kwa Reli ya Kati na kwa mashamba ya mkonge, zao ambalo lenyewe liliingizwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Manamba walitoka mikoa ya mbali kuja kukata mkonge, na wajukuu wao leo ni wenyeji kama mwenyeji mwingine yeyote.

Lakini wilaya yetu ina kidonda pia. Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, si mbali na hapa, watu 38 waliuawa katika mgogoro wa wakulima na wafugaji. Siwafananishi marehemu wale na kuku, Mungu awarehemu. Ninachosema ni kwamba mkulima anahitaji shamba lisilokanyagwa, na mfugaji anahitaji malisho na mahali pa kunywesha. Wote wawili wakielekezwa kwenye bonde moja na maji mamoja bila mpango, mawaidha ya kuishi kwa upendo hayatatosha, hata yasemwe na nani. Mtu mwema mwenye njaa akisukumwa na mwenzake mwenye kiu, wema wa wote wawili uko hatarini.

Mwenye banda halaumu kuku. Hutazama banda lina nafasi gani, na maji yako wapi. Viongozi wetu wa vijiji na wa wilaya nao wajiulize vivyo hivyo: mipaka ya mashamba inajulikana? Njia ya ng'ombe ipo? Lambo limechimbwa, au tunangoja kiangazi kitukutanishe mtoni?

Ndugu msomaji, ukileta kuku wapya, ongeza chombo cha maji kwanza. Na kwenye mkutano wa kijiji, ajenda ya matumizi ya ardhi ikitajwa, usiondoke mapema. Kaa, uliza, dai ipangwe sasa. Amani ya mgeni na mwenyeji huandaliwa, na wajibu wa kuiandaa ni wa yule anayeshika ufunguo wa banda.