Nani Amzoee Mwenziwe, Mguu au Kiatu?

Katika miaka yangu ya ukuu wa chuo cha ualimu nilisikia mara nyingi ikisemwa kwamba mtoto hana budi kuizoea shule. Wachache waliuliza kama shule nayo ina wajibu wowote wa kumzoea mtoto. Nilidhani swali hilo nililiacha ofisini pamoja na mihuri na mafaili. Kumbe limenifuata mpaka hapa Ganako, na safari hii limevaa viatu vya baiskeli.

Kijana mmoja wa ukoo wetu, ambaye huniita babu, huwaongoza watalii kwa baiskeli katika njia za vumbi za Karatu na kule chini Mto wa Mbu. Mgeni mmoja alipomaliza safari yake alimwachia pedeli za kunasa pamoja na viatu vyake. Viatu ni vya gharama, lakini ni vyembamba, na mguu wa kijana ni mpana, mguu uliokulia katika katambuga. Kila jioni huvivua na kukaa akisugua vidole vilivyokufa ganzi. Nilipomwuliza kwa nini anavivaa, alinijibu, "Babu, hii ni zawadi. Halafu mguu utazoea tu."

Kwa msomaji asiyezijua pedeli hizi, chini ya soli ya kiatu hufungwa kwa skrubu kipande kidogo cha chuma au plastiki. Ukikanyaga, springi ya pedeli hukinasa, na mguu na baiskeli huwa kitu kimoja. Ukitaka kutoka, huvuti juu. Unazungusha kisigino kwenda nje, nayo inakuachia. Waingereza huziita pedeli zisizo na klipu, jina la ajabu kwa kitu kinachonasa kiasi hicho, lakini wana maana ya kile kibano cha zamani cha vidole na mkanda wake, ambao ukishakazwa ulihitaji kuinama na kuulegeza kwa mkono. Kampuni ya Look ya Ufaransa, watengenezaji wa vifungo vya viatu vya kutelezea kwenye theluji, ilileta pedeli yake mwaka 1984, na mwaka uliofuata Bernard Hinault akashinda nayo Tour de France. Shimano ya Japani ikaleta yake mwaka 1990, yenye kipande kidogo cha chuma kilichozama ndani ya soli ili mtu aweze na kutembea. Maana wale wenye vipande vikubwa vya mbio za barabarani, wakishuka, hutembea kama bata. Kifungo cha theluji, tukumbuke, kilibuniwa kiachie mguu kabla haujavunjika.

Sasa, raha ya kiatu cha namna hii ni nini? Si ulaini. Soli yake ni ngumu makusudi, kwa kuwa soli laini hujikunja juu ya pedeli na kuuachia unyayo mzigo wote mahali pamoja. Raha yake ni kisigino kushikwa kisipande, na vidole mbele kuwa na nafasi ya kujitanua. Ndiyo maana inafaa kujaribu kiatu jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo kwa kazi ya siku. Tena kipande cha chini nacho hufuata umbo la mwenye mguu. Wapo ambao miguu yao hutazama nje, na ukiilazimisha itazame mbele, goti ndilo litakalolipa. Watengenezaji wanalijua hilo: vipande vya manjano vya Shimano vya mbio za barabarani huruhusu kisigino kucheza nyuzi 6, vyekundu haviruhusu hata moja. Mimi ningemwuliza kwanza anayechagua vyekundu kama goti lake limeshirikishwa katika uamuzi huo.

Kwa hiyo siafiki kwamba mguu utazoea. Ngozi ya ng'ombe hutanuka. Viatu hivi vya plastiki ngumu havitanuki sana. Kinachotokea ni ganzi, na ganzi si mazoea. Mguu uliokufa ganzi umeacha tu kutoa habari. Nimewaona walimu, tena wenye bidii, wakimhesabu kuwa amezoea mtoto ambaye aliacha kuuliza maswali baada ya kuchapwa. Darasa lilikuwa kimya, daftari ya mahudhurio imejaa, na mkaguzi akaandika neno zuri.

Hilo la zawadi ni gumu zaidi, na sitaki kulipuuza. Kijana anaogopa mgeni akirudi amkute na katambuga zake zilezile, aone amedharauliwa. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mgeni alitoa kiatu kilichomstarehesha yeye. Hakujua kinafanya nini katika mguu wa mwingine, na naamini hakukusudia kumpa mtu maumivu. Kumheshimu ni kumwamini kwamba angependa kuambiwa.

Yupo atakayeniuliza: je, kunaswa kwenyewe si utumwa? La. Anayepanda mlima kutoka Mto wa Mbu ananufaika na kifungo kile, mradi kisigino chake mwenyewe kinaweza kukifungua. Hata hivyo wapo waendeshaji wa mbio za uwanjani, wa baiskeli zisizo na breki, ambao huongeza mkanda juu ya pedeli ya kunasa. Kwao mguu ukichomoka, pedeli huendelea kuzunguka kwa kasi ileile, na kutoka ndiyo hatari. Siwezi kusema wamekosea. Ila wao hujifunga kwa dakika chache, uwanja ukiwa mtupu. Kijana wetu hujifunga kutwa, na mbele yake kuna ng'ombe, malori na udongo mwekundu ambao mvua ikinyesha huziba pedeli na kuikawiza kuachia.

Basi tumekubaliana pedeli abaki nazo, na tumeilegeza skrubu ya springi mpaka inaachia bila ugomvi. Viatu atampa mwenzake mwenye mguu mwembamba, na mgeni ataandikiwa barua. Zilizobaki ni fedha za viatu vipana, na hizo bado tunazitafuta.