Je, Yafaa Kuuzuia Mkono Usiomdhuru Mtu?

Ndugu yetu mmoja, mtu wa Mombasa mwenye duka Siakago, katika nchi ya Wambeere (huko itokako muguka iliyotia zogo Pwani mwaka 2024), ametuletea swali. Mwanawe wa miaka tisa ana usonji. Hupunga viganja mbele ya macho, huyumba mbele na nyuma, na neno moja hulikariri tangu asubuhi hata jioni. Baadhi ya jamaa wamshauri amfunge mikono kwa leso. Wengine wamtaka ampeleke kwa mganga akatolewe pepo. Yeye auliza: ni ipi haki ya mtoto huyu?

Habari ya pepo tumekwisha kuisema mara nyingi. Alaye fedha za mzazi aliyefadhaika atajibu mbele ya Mola wake.

Matabibu waijua hali hii. Mwaka 1943 Leo Kanner, tabibu wa akili za watoto huko Baltimore, Marekani, alieleza habari za watoto 11 walioshika mambo yale yale na kuyarudia. Tangu hapo wako wenye usonji, watu wazima, waliojieleza wenyewe, na ushahidi wao ndio utufaao zaidi. Wasema kwamba kelele, mwanga na msongamano huwaingia kwa nguvu, na mwendo ule wa kurudiarudia huwatuliza. Pengine ni furaha tu. Kumfunga mikono, basi, ni kama kumnyang'anya kiguru mkongojo wake kwa kuwa mlio wake watukera.

Na ajabu ni kuwa sisi wenyewe vyuoni tulisoma tukiyumba, na wazee barazani hugeuza tasbihi vidoleni hata katikati ya mazungumzo, wala hapana aliyewadhania wazimu. Kinachotuudhi kwa mtoto huyu ni macho ya majirani. Twamzuia yeye ili tusitahayari sisi, na hiyo ni dhuluma.

Akipiga kichwa ukutani au akijiuma, hapo ni wajibu kumzuia, kwa upole, na kutafuta sababu. Huenda jino au sikio lamuuma naye hawezi kusema, apelekwe hospitali.

Wako pia wasemao asiletwe msikitini, asije akawaharibia watu sala. Mtume (S.A.W.) aliwakataza masahaba wasimkatize bedui aliyekuwa akikojoa msikitini, alipokwisha, akaamrisha pamwagwe maji, kisha akamfundisha kwa upole. Mikono ya mtoto huyu haitii najisi popote. Asimame mwisho wa safu, kando ya babake. Sauti ikizidi, watoke nje kidogo, kisha warudi.

Wala watu wasifanye haraka kusema kuwa kalamu imeondolewa kwake, ati kwa kuwa haneni sana. Wenye usonji hawalingani, na wengi wao wana akili timamu. Afundishwe sala kwa kadiri aelewavyo, jambo moja moja, saa ile ile na mahali pale pale kila siku, kwani utaratibu usiogeuka ndio aupendao.