Swali Lililoulizwa Birikani

Soma Yohana 5:1–9. Zaburi 142:1, 2.

Mkulima wa pamba wa Bariadi anaposema kwamba mvua ilikatika mapema, wadudu wameharibu pamba na bei haitoshi kulipa karo, hasemi uongo. Kumwambia “acha kulalamika” ni kumwongezea mzigo. Marafiki wa Ayubu walimlaumu mwenye maumivu, na Mungu akawakemea (Ayubu 42:7). Daudi alimweleza Mungu malalamiko yake yote, na yakawa maombi.

Lakini iko hali nyingine. Mtu huja kwa mzee wa kanisa au kwa mshauri juma baada ya juma na maneno yale yale. Husikilizwa, huombewa, kisha hurudi akiwa pale pale. Je, upendo ni kuendelea kumsikiliza tu?

Kwenye birika la Bethzatha alikuwapo mtu aliyeugua miaka 38. Yesu alimwuliza kama anataka kupona. Hakujibu ndiyo wala hapana. Alieleza kwamba hana wa kumtia birikani, na kwamba wengine humtangulia. Yote yalikuwa kweli, lakini maelezo yalikuwa yamechukua nafasi ya ombi. Yesu hakumkemea, wala hakuketi naye kungoja maji. Alimwagiza asimame, abebe godoro lake, atembee. Uwezo ulitoka kwa Kristo. Kusimama kulikuwa kwake.

Kuuliza kwa upole namna hiyo kumewasaidia wengi hata katika huduma za afya ya akili. Mwaka 2006, jijini Harare, Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza kuwafundisha bibi 14 kuwasikiliza wenye msongo wa mawazo kwenye benchi nje ya kliniki. Bibi husikiliza matatizo yote, kisha humwomba mhusika achague moja, nao hukubaliana hatua ya kwanza.

Si kila aliyekwama amekataa kupona. Sonona ni ugonjwa, na mgonjwa asindikizwe hospitalini. Hata hivyo, anayesikiliza anadaiwa vitu viwili: sikio na swali. Swali bila sikio hujeruhi. Sikio bila swali humzoesha mtu godoro lake.

Kwa kujadili: Ni nani katika darasa lenu ambaye malalamiko yake mmeyazoea? Mmewahi kumwuliza anataka nini?