Asiyekuwapo na Lake Halipo?

Wahenga walinena, "Asiyekuwapo na lake halipo." Methali hii tunaifundisha kila mwaka, na aghalabu tunaifasiri kwa wepesi: mtu asipohudhuria mgawanyo, fungu lake huchukuliwa na waliohudhuria. Tafsiri hiyo ni sahihi, wala hatuna haja ya kuipinga. Lakini methali haikomei kwenye mafungu ya nyama na mashamba. Katika makala haya tunakusudia kuipima kwa jambo linalowagusa walimu wengi wa Kiswahili, ambao kazi huwapeleka mbali na kwao: nalo ni zile siku kubwa za jamaa zinazopita mtu akiwa safarini. Mtoto amezaliwa na kupewa jina, binti ameolewa, mzee amefariki na arubaini yake imesomwa, na mmoja wa watu wa nyumba ile hakuwapo. Je, siku ile ni yake pia? Na kama ni yake, anadaiwa nini, naye anadai nini?

Tumechagua kulitazama suala hili kutoka Gisenyi, mji ulio kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Kivu, katika wilaya ya Rubavu nchini Rwanda. Mji huu umegusana na Goma ya Kongo kiasi kwamba mgeni asiyeambiwa angedhani ni mji mmoja. Mpaka upitao kati yake uliafikiwa na serikali za Kizungu mwaka 1910, lakini undugu haukukatwa kwa wino wa mkataba. Kila siku maelfu ya watu huvuka kwa miguu kwenye kizuizi kiitwacho Petite Barrière, wengi wao wakiwa wanawake wachuuzi wenye mizigo ya vyakula vichwani, asubuhi wakienda na jioni wakirudi. Kiswahili, ambacho Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017, ni miongoni mwa lugha zinazowakutanisha sokoni. Mtu wa Gisenyi ambaye mama yake anaishi Goma hasemi kwamba yeye ni msafiri anapokwenda kumwamkia. Husema amevuka tu.

Ilipofika Machi 2020 mipaka ilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa Uviko-19. Mwendo wa dakika chache ukawa hauendeki. Mwana aliyezoea kumwona mamaye kila juma alijikuta amekuwa mbali naye pasipo kuihama nyumba yake. Aliyefiwa ng'ambo ya pili hakuweza kuvuka kwenda kuzika kama alivyozoea, na aliyealikwa harusini alibaki upande wake. Hapa tunajifunza jambo la kwanza, kwamba safari haipimwi kwa maili. Kwa maana inayohusu suala letu, safari ni hali ya kutoweza kufika pale unapohitajiwa. Mwalimu wa Tanga anayefundisha Gisenyi, baharia wa Lamu aliye Ghuba, na mtu wa Gisenyi aliyezuiwa kizuizini, wote watatu wamo katika hali moja.

Basi mtu aliye katika hali hiyo afanye nini siku ya jamaa zake inapowadia? Majibu mawili husikika mara kwa mara, na yote mawili, kwa maoni yetu, yana upungufu.

Jibu la kwanza ni la moyo. Wako wanaosema kwamba kukumbuka ni kazi ya moyo, na kwamba msafiri aliyeinamisha kichwa chake kwa huzuni au kwa furaha siku ile amekwisha kutimiza wajibu. Mengineyo ni kujionyesha. Hoja hii ina heshima yake, maana kweli ziko salamu nyingi zisizotoka moyoni. Hata hivyo, tuitazame lugha yenyewe. Watu wa pwani huita harusi, maulidi na hitima kwa neno moja: shughuli. Hawaiiti hisia. Siku ya jamaa ni kazi inayofanywa na watu kwa ajili ya watu: wako wanaopika, wanaopokea wageni, wanaokaa na mfiwa usiku ili asibaki peke yake. Kazi haitendwi kwa kuitamani. Aidha, kitenzi kumbuka hakikukaa peke yake. Kinazaa kumbusha na kumbukana. Anayesema "nilikukumbuka" baada ya mwaka mzima wa kimya huenda hasemi uongo, lakini amekumbuka bila kukumbukana. Mfiwa hakupata chochote katika kumbukumbu ile, kwa kuwa hakuijua.

Jibu la pili ni la mfuko. Siku hizi fedha hutumwa kwa simu na kufika kabla sufuria haijainjikwa. Msafiri hutoa mchango wake wa sanda, wa mchele, au wa mahari ya mdogo wake, kisha hujiona ameondokewa na deni. Hatutaki kulidharau jambo hili. Mkono mtupu haulambwi, na katika nyumba nyingi ni yule aliye mbali ndiye anayeiwezesha shughuli isimame. Lakini tuwasikilize walio nyumbani wanapopokea fedha hizo. Baada ya kushukuru huuliza, "Na mwenyewe amesemaje?" Swali hilo dogo ni hukumu kamili. Mchango humtoa mtu katika deni la mali. Deni la nafsi hubaki palepale. Mchele ukishapikwa haumtambulishi aliyeununua, bali neno lililosemwa kwa mfiwa kwa jina lake huwa la mtu mmoja tu na haliwezi kusemwa na mwingine.

Kwa hiyo tunaona kwamba kati ya moyo na mfuko kuna jambo la tatu, nalo ni neno linalofika. Liwe la simu, liwe la barua, liwe la kinywa cha mchuuzi anayevuka kizuizini asubuhi na kuambiwa, "Nisalimie mama, umwambie najua kwamba leo ni siku ya arubaini ya baba," sharti zake ni tatu: liende kwa mtu maalumu, lifike kwa wakati wake, na liitaje siku ile kwa jina. Salamu ya jumla ya "habari za huko" haitoshi, kwa sababu haionyeshi kwamba msafiri anajua nyumba yao iko wapi katika safari ya maisha yake.

Sharti la wakati linahitaji maelezo zaidi, maana hapo ndipo wengi hukosea bila kujua. Wakati wa nani? Katika desturi za pwani mtoto hufanyiwa akika siku ya saba. Katika desturi za Rwanda mtoto hupewa jina siku ya nane, na watoto wa majirani huitwa kushiriki. Kwa Waswahili siku mpya huanza jua linapotua, hata "usiku wa Ijumaa" ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa. Nyumba inayohesabu kwa mwezi mwandamo ina mwaka uliopungua siku kama 11 kuliko mwaka wa kalenda ya ukutani. Kwa hiyo kumbukumbu ya aliyefariki katika Mfungo Sita huhama mwaka hata mwaka. Nao wazee wa Rwanda walizoea kuhesabu kwa matukio: fulani alizaliwa wakati wa Ruzagayura, ile njaa kuu ya mwaka 1943 na 1944. Msafiri aliyeitia siku ya nyumbani katika simu yake, ili imwamshe kila mwaka tarehe ileile, amefanya jambo jema ila hajamaliza. Siku ile haikuwa mali yake. Ni ya wale wanaoikalia, na ni hesabu yao inayofuatwa. Anayekumbuka kwa hesabu yake mwenyewe anaweza kupiga simu ya pongezi katika nyumba ambayo shughuli yake imekwisha siku nyingi, au haijaanza.

Mtu anaweza kutuuliza: je, tarehe ina uzito gani hata tuisumbukie hivyo? Rwanda yenyewe inatoa jibu, na ni jibu linalopasa kusemwa kwa unyenyekevu. Kila mwaka, kuanzia tarehe 7 Aprili, nchi nzima huingia katika juma la maombolezo ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, na neno linalotumika ni Kwibuka, yaani kukumbuka. Gisenyi pana makaburi ya kumbukumbu mahali paitwapo Commune Rouge, walipouawa na kutupwa watu wengi. Wako walionusurika ambao hawajui jamaa zao walikufa siku gani wala wamelala wapi. Hawakusema kwamba, maadamu tarehe haijulikani, basi kukumbuka hakuwezekani. Hukutana siku iliyowekwa, wakaitaja majina. Hapo tunaona kwamba siku ya kumbukumbu si namba iliyoandikwa tu katika daftari, bali ni miadi baina ya watu. Uzito wake unatokana na kwamba wengine nao wataitimiza. Mwalimu mgeni anayekuwapo Gisenyi mwezi wa Aprili hana budi kuyajua haya, asije akaliona juma lile kuwa ni mapumziko ya shule.

Ikiwa ni miadi, basi ina pande mbili, na mpaka hapa tumesema upande wa msafiri peke yake. Walio nyumbani nao wana wajibu wao. Historia ya pwani yetu ina mfano wa mtu aliyekumbuka sana pasipo kupokelewa. Salme binti Said, mtoto wa Sultani Said wa Unguja, aliondoka Zanzibar mwaka 1866, akaolewa na Mjerumani, na mwaka 1886 akachapisha kwa Kijerumani kitabu cha maisha yake kinachosimulia nyumba ya babaye na desturi zake. Alipofika tena Zanzibar mwaka 1885, nduguye Sultani Barghash hakukubali kumpokea. Hatuingii katika kuamua ni nani aliyemkosea mwenziwe. Tunalolitaja ni hili: kumbukumbu ya kitabu kizima haikuweza kufanya kazi ya mlango mmoja uliofunguliwa.

Milango haifungwi kwa hasira tu. Mara nyingi hufungwa kwa huruma. Twajua sote ile desturi ya kumficha msafiri habari za msiba: "Asiambiwe mpaka arudi." Mwalimu yuko Gisenyi, baba yake amezikwa Mombasa, na kila apigapo simu huambiwa kwamba mzee amelala. Wanaofanya hivyo wana sababu. Yuko peke yake ugenini, hana wa kumshika mkono. Pengine ana mtihani, pengine yuko njiani. Ni vigumu kuwalaumu. Hata hivyo sisi tunaona kwamba wanamnyang'anya kitu kisichoweza kurudishwa. Waliobaki nyumbani walilia pamoja, wakaanua matanga pamoja, wakaanza kusahau pamoja. Yeye atakuja kulia peke yake, wakati wengine wameshakausha machozi, na atahesabu nyuma siku alizocheka huku babaye amekwisha kuzikwa. Hapo ndipo methali yetu inapotimia kwa ubaya: hakuwapo, na msiba wake mwenyewe ukafanywa haupo.

Njia iliyo bora ipo, nayo si ngeni kwetu. Habari nzito haitupwi kwa msafiri kwa maneno mawili ya simu. Hutafutwa mtu mzima aliye karibu naye, mwalimu mwenziwe au jirani, akamwendea, akaketi naye, akamwambia, na usiku ule asiondoke. Nchini Rwanda mkesha wa kumlilia marehemu huitwa ikiriyo, na msemaji wa Kiswahili hatashindwa kusikia neno "kilio" ndani yake. Mgeni aliyefiwa akiwa Gisenyi anaweza kukaliwa na majirani, hata kama hawakumjua marehemu. Hivyo ugeni wake haumwondolei haki ya kuliliwa na kulia.

Linabaki swali la aliyechelewa: yule ambaye mpaka ulimzuia, au ambaye neno lilimfikia baada ya miezi. Je, wakati umempita? Hapa desturi zetu ni pole kuliko methali zetu. Mtu anaporudi safarini, hata baada ya mwaka, huenda kuhani. Huketi mkekani, husema pole, na hupokelewa kana kwamba msiba ni wa jana. Aliyekosa kuzaliwa kwa mtoto humwendea mtoto na zawadi, naye huwekewa mtoto mapajani. Hakuna amwambiaye kwamba shughuli imekwisha. Kwa hakika hii ndiyo sababu mipaka ya Gisenyi ilipofunguliwa tena haikuwa biashara peke yake iliyorudi. Kulikuwa na madeni ya pole na ya pongezi yaliyongoja kulipwa kwa miguu.

Tukirejea kwenye methali tuliyoanza nayo, hatuoni kwamba wahenga walikosea. Walichokisema ni onyo, si sheria: lake halipo ikiwa yeye ameliacha, na wenziwe nao wameliacha. Kwa hiyo kabla ya kufunga mizigo yetu, walimu wenzetu, tuulize siku za nyumbani kwa hesabu ya nyumbani. Nasi tunaobaki, tumwekee msafiri fungu lake katika furaha, na tusimfiche fungu lake katika huzuni. Hili la pili ndilo zito zaidi, na tungependa wasomaji walijadili pamoja na wanafunzi wao, kwa maana miongoni mwa wanafunzi hao hapakosi mmoja ambaye nyumbani kwao kuna mtu ambaye bado hajaambiwa.