Rangi ya Jointi

Ukipita mitaa ya Ujiji, au ukipanda kutoka stesheni ya Kigoma kuelekea Mwanga, utaona nyumba za matofali ya kuchoma ambazo hazikupigwa lipu. Ukuta ni mwekundu, na kati ya tofali na tofali kuna mistari ambayo mafundi huiita jointi. Wapo wanaoiacha na kijivu chake cha saruji, wapo wanaoipaka chokaa, na siku hizi wapo wanaoitaka nyeusi. Kazi yenyewe ni ndogo lakini hubadilisha nyumba nzima: jointi nyeupe hukufanya uhesabu tofali mojamoja, yenye rangi ya tofali huufanya ukuta uonekane kipande kimoja.

Ninachojiuliza ni kama kuna uongo ndani yake.

Mwingereza John Ruskin alilichukulia jambo la namna hii kwa uzito mwaka 1849, katika kitabu chake The Seven Lamps of Architecture. Kwake, kufunika matofali kwa lipu na kuchora picha juu yake ni kazi ya heshima, maana hakuna anayedanganyika; lakini kuichora lipu hiyo mistari ya jointi ili ionekane ni mawe, huo ni uongo. Mafundi wa London walikuwa wamekwenda mbali tangu karne ya 18. Walijaza jointi kwa mota yenye rangi ya tofali, kisha wakapitisha juu yake mstari mwembamba wa chokaa nyeupe, na tofali za kawaida zikaonekana zimekatwa kwa ustadi.

Nampenda Ruskin kwa ukali wake, ila sioni madhara alipoyaona yeye. Mgeni akidhani tofali zangu ni mawe, amepoteza nini? Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, sawa, lakini mkakasi haujawahi kumwangukia mtu.

Huku kwetu jointi ina mambo mengine. Saruji ni ghali, kwa hiyo nyumba nyingi tofali zake zilipangwa kwa udongo, kisha upande wa nje fundi akaukwangua udongo huo kiasi cha kidole na kujaza saruji. Kutoka barabarani ni nyumba ya saruji. Sioni kosa hapo. Saruji ile huzuia mvua isile udongo, na jirani yeyote anajua ndani kuna nini. Nyumba ya marehemu baba ilijengwa hivyo, naye alikuwa akiwaeleza wageni kwa fahari jinsi alivyobana matumizi.

Sasa tunaiuza. Kwenye kona moja pana ufa unaopanda kama ngazi, ukifuata jointi, hatua kando, hatua juu. Ufa wa namna hiyo mara nyingi ni dalili kwamba msingi umeshuka upande mmoja. Dalali ametushauri tuzifanye jointi zote nyeusi.

Fundi alitueleza kazi ilivyo: kukwangua sentimita mbili, kufagia vumbi, kulowesha, kujaza mota iliyochanganywa na unga wa rangi. Unga usizidi sehemu ya kumi ya uzito wa saruji, ukizidi mota inalegea. Njia ya mkato ni brashi nyembamba na rangi ya dukani. Nikamwuliza kuhusu ufa. Akasema kwa njia zote mbili utapotea machoni, hautapona.

Kaka yangu anasema mnunuzi ana macho na mdomo, aulize. Lakini angeuliza nini? Mtu huusoma ukuta kwenye jointi zake. Hapo ndipo unaposema kama umetikisika. Tukiipaka ile kona, tumeondoa kitu pekee ambacho kingemfanya aulize, kisha tunamlaumu kwa kukaa kimya. Kuta nyingine tuzipake hata kijani, ni zetu.

Akanirudishia methali: usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi si tunaziba? Methali ile ilimlenga anayebaki ndani ya nyumba. Sisi tunaondoka, na ukuta atakuja kuujenga mwingine. Tena tunaishi kando ya ziwa lililokaa ndani ya Bonde la Ufa. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la kipimo cha 6.8 lilipiga hapahapa ziwani, na ng'ambo, Kalemie, nyumba zilianguka na watu wakafa.

Kinachonisumbua ni kwamba kaka si mlaghai. Fedha za nyumba ni za matibabu ya mama, na ufa ukionekana bei itashuka. Kila shilingi itakayopungua ameshaipigia hesabu ya dawa. Sina jibu la kumtuliza.

Fundi anakuja Jumamosi na sururu, kwanza achimbe pale konani tuuone msingi. Rangi tutaizungumza baadaye. Dalali ameacha kupokea simu zangu.